Mwalimu, Faili Lako Liko Wapi? Mwongozo wa Kustaafu kwa Walimu wa Dodoma na Jirani Zake

Mwalimu wa serikali akifikisha miaka 55, wenzake ofisini huanza kumtania kwamba ameshakuwa mzee wa mafao. Utani huo ungekuwa na faida kama ungemwinua kwenye kiti, akapanda gari hadi wilayani na kuuliza jambo moja tu: faili langu liko wapi? Wengi hawaulizi. Wanasubiri 60 itimie, ndipo inagundulika kwamba barua ya kuthibitishwa kazini haipo, jina la kwenye kitambulisho cha Taifa halifanani na la kwenye ajira, na daraja lililotangazwa kwenye barua halijawahi kuingizwa kwenye mshahara. Kuanzia hapo ni njoo kesho, njoo Jumatatu, afisa yuko semina.

Haya ninayoandika ni kwa mwalimu aliyeajiriwa na serikali, yuko chini ya halmashauri na anachangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Ninyi wa shule binafsi mfuko wenu ni NSSF na njia yenu ni nyingine, ingawa habari ya faili na ya majina inawahusu vilevile.

Jua mlango kabla hujapiga hodi

Hasira za walimu nyingi ni za haki, ila humwagwa kwenye mlango usiohusika. Mtu anagombana na mkuu wa shule kwa sababu ya malimbikizo, wakati mkuu wa shule mwenyewe anadai ya kwake. Mwingine anakwenda kuwafokea PSSSF kwa daraja ambalo hawakumpa wala hawana mamlaka ya kumpa.

Mkuu wa shule, au mwalimu mkuu kwa shule za msingi, ana kazi mbili zinazogusa mafao yako. Anapitisha barua zako, na anathibitisha kazi zako kwenye PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Hiyo ya pili si ndogo. Upandaji wa cheo siku hizi unatazama tathmini ya kwenye mfumo, hivyo mkuu asiyefungua mfumo wake muhula mzima anakuumiza bila hata kukutukana.

Mwajiri wako ni Mkurugenzi wa Halmashauri. Kwake ndiko iliko idara ya utumishi inayoingiza taarifa zako kwenye mfumo wa mishahara, na huko ndiko unakodai likizo, nauli, malimbikizo na gharama za kusafirisha mizigo ukistaafu.

TSC, yaani Tume ya Utumishi wa Walimu, inashika usajili wako, kuthibitishwa kazini, vyeo, nidhamu na kibali cha kustaafu. Ina ofisi kila wilaya, mara nyingi chumba kimoja au viwili ndani ya majengo ya serikali, na walimu wengi hawajawahi kuingia humo tangu walipoajiriwa. PSSSF wanapokea michango na kulipa mafao kwa kufuata karatasi walizoletewa. Hawatungi taarifa zako. Wakiletewa miaka pungufu, watalipa miaka pungufu.

Sisi wa Dodoma tuna bahati ambayo pia ni mtego. TAMISEMI na Utumishi wako Mtumba kwenye mji wa serikali, makao makuu ya PSSSF na ya TSC yako hapa hapa mjini. Mwalimu wa Kibaigwa au Bahi akikasirika anaweza asubuhi kupanda gari na saa nne yuko kwenye geti la wizara, jambo ambalo mwenzake wa Kigoma hawezi kuliota. Lakini ukifika Mtumba mikono mitupu, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: barua uliyomwandikia Mkurugenzi iko wapi, na alikujibu nini? Kama huna, unarudishwa wilayani, na nauli imekwenda.

Hatua ya kwanza: tafuta faili ukiwa na miaka 55

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye mzizi wa mambo.

Mafaili yako hayako mahali pamoja. Kuna la shuleni, ambalo kwa kawaida ni jembamba na halina uzito. Kuna la mwajiri, halmashauri. Na kuna la TSC wilayani. Mafaili haya mawili ya mwisho ndiyo yatakayosema wewe ni nani siku ukistaafu, na hayalingani daima. Barua inaweza kuwa TSC na isiwe kwa mwajiri, au kinyume chake.

Anza na TSC. Tume hii imebadilika sura zaidi ya mara moja: ilikuwa tume, ikageuzwa kuwa idara tuliyoiita TSD, kisha ikarudi kuwa tume kwa sheria ya 2015 na kuanza kazi Julai 2016. Kila mara sura inapobadilika, mafaili yanahama chumba, na karatasi zinazohama hupotea.

Mkoani kwetu kuna jambo la ziada. Wilaya zimegawanyika. Kongwa ilikuwa sehemu ya Mpwapwa. Bahi na Chamwino zilitoka Dodoma Vijijini. Chemba ilizaliwa na Kondoa. Upande wa Singida ni vilevile: Ikungi ilitoka Singida Vijijini, Mkalama ikatoka Iramba. Kama uliajiriwa Kondoa miaka ya 90 na shule yako leo iko Chemba, usidhani kwamba faili lilivuka mpaka pamoja na shule. Linaweza kuwa bado limelala Kondoa, limefungwa kamba pamoja na ya watu waliokwisha kustaafu au kufariki. Aliyehama wilaya kwa uhamisho naye ni hivyo hivyo.

Ukifika masijala, usimwombe mhudumu "aangalie kama faili lipo". Omba ulione likifunguliwa. Ndani, kila karatasi ina namba iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kona ya juu, mara nyingi nyekundu, kuanzia moja na kuendelea. Fuatisha zile namba. Ikitoka 14 ikaja 17, ujue karatasi mbili zimeng'oka, na inawezekana moja ni barua yako ya kuthibitishwa. Andika namba zinazokosekana kwenye daftari lako.

Barua ambazo ni lazima uzione kwa macho yako ni ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na kuingizwa kwenye masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni, za kupandishwa cheo zote kwa mpangilio wake, na za uhamisho. Kama uliwahi kwenda masomoni, barua ya ruhusa iwepo pia. Bila hiyo, miaka yako miwili ya chuo inaweza kuonekana kama utoro.

Palipo na pengo, peleka nakala yako kutoka nyumbani. Wewe uliyeitunza barua ya 1993 iliyopigwa kwa taipureta, yenye mhuri uliofifia, usiilaminishe na usiikabidhi. Toa nakala, ithibitishwe kwa kuonyesha halisi, iwekwe kwenye faili, na barua yako ya kuwasilisha nakala hizo igongwe mhuri wa kupokelewa mbele yako. Halisi inarudi nyumbani.

Kwa nini nakazania barua za zamani? Kwa sababu watumishi wa serikali kuu, walimu wakiwamo, walianza kuchangia mfuko wa pensheni Julai 1999. Kabla ya hapo hapakuwa na makato. Miaka yako ya kabla ya hapo inahesabiwa kwenye pensheni, lakini haina michango ya kuonyesha kwenye taarifa ya mfuko. Ushahidi wake ni barua. Deni la serikali kwa miaka hiyo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2021 serikali iliipa PSSSF hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kulifidia. Trilioni hizo hazikusaidii wewe kama faili lako halisemi uliajiriwa lini.

Hatua ya pili: jina na tarehe ya kuzaliwa

Weka mezani barua ya ajira, vyeti, kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki na salari slipu. Soma herufi kwa herufi. Elizabeti na Elizabeth ni watu wawili mbele ya mfumo. Mwalimu aliyeolewa akaanza kutumia jina la mume, au aliyeachia jina la babu njiani, ana kazi ya kufanya: hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, au kiapo mbele ya wakili ikiwa tofauti ni ndogo. Muulize afisa utumishi kipi kinatakiwa kwa hali yako kabla hujalipa wakili.

Tarehe ya kuzaliwa haina mjadala mrefu. Inayotumika ni ile uliyojaza ulipoajiriwa. Kama ulijipunguzia au ulijiongezea wakati huo, usitarajie kuisahihisha ukiwa na miaka 58.

Hatua ya tatu: hesabu michango, mwezi kwa mwezi

PSSSF ilianza Agosti 2018 kwa kuunganisha mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara: 5 unakatwa wewe, 15 anatoa mwajiri. Kupata pensheni unahitaji angalau miezi 180 ya kuchangia, ambayo ni miaka 15, na mwalimu aliyeingia kazini kijana huipita bila shida.

Ingia kwenye mfumo wao wa mtandaoni kwa namba yako ya uanachama, au nenda ofisini kwao na cheki namba na kitambulisho, utoe taarifa yote ya michango. Kisha keti nayo na kalamu. Unatafuta miezi yenye sifuri. Hutokea sana kwenye uhamisho, kwenye miezi ya kwanza ya ajira, na kwa waliowahi kusimamishiwa mshahara wakati wa uhakiki kisha wakarudishwa. Kila mwezi wenye sifuri, tafuta salari slipu yake. Kama slipu inaonyesha ulikatwa, una hoja. Andika barua kwa Mkurugenzi, nakala PSSSF, ukiorodhesha miezi hiyo kwa majina yake na kuambatanisha slipu. Usiseme "baadhi ya michango yangu haionekani". Sema "Machi hadi Julai 2009".

Hatua ya nne: daraja lako liwe limekaa kabla ya 57

Hili halielezwi vya kutosha kwenye semina za kustaafu, ambazo huletwa mtu ana mwaka mmoja au chini ya hapo. Pensheni hupigwa kwa wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu ndani ya miaka kumi ya mwisho. Zamani kwa waliokuwa PSPF ulitazamwa mshahara wa mwisho, hivyo daraja lililokuja mwaka wa mwisho lilikuwa neema. Sasa linagawanywa kwa mitatu.

Walimu wa rika letu waliguswa vibaya na mwaka 2016, upandishaji wa vyeo uliposimama kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti. Ndiyo maana baadaye yakaja madaraja ya mserereko, ya kuwafikisha watu pale ambapo wangekuwa. Kama ulirukwa kwenye mserereko, dai sasa hivi, na mlango wa kudai ni TSC wilaya. Andika tarehe ya cheo chako cha mwisho, weka nakala ya barua yake, na utaje mwenzako wa ajira moja na elimu moja aliyepandishwa ili hoja ionekane bila maelezo marefu. Ukishapata barua ya cheo, kazi haijaisha: rudi kwa afisa utumishi hadi salari slipu ibadilike. Barua ya cheo isiyoingia kwenye mshahara haiingii kwenye kikokotoo, yaani hesabu ya mafao yako.

Hatua ya tano: piga hesabu yako mwenyewe

Usingoje kuambiwa utapata ngapi. Hesabu ya sasa iko hivi. Chukua wastani wa mshahara wako wa mwaka, zidisha kwa idadi ya miezi uliyotumikia, gawanya kwa 580. Hiyo ni pensheni kamili ya mwaka. Mkupuo, yaani fedha unayolipwa kwa mara moja ukistaafu, ni asilimia 40 ya hiyo, mara 12.5. Asilimia 60 iliyobaki, gawanya kwa 12, upate pensheni ya kila mwezi.

Tuchukue mwalimu aliyeajiriwa Julai 1993 na kustaafu mwishoni mwa Juni 2026. Miaka 33, miezi 396. Tuseme wastani wa mshahara wake ni 1,200,000 kwa mwezi, sawa na 14,400,000 kwa mwaka. Pensheni kamili ni 9,831,724. Mkupuo unakuja 49,158,621, na kila mwezi 491,586. Njia ya haraka ya kujikagua: kwa asilimia hizi, pensheni ya mwezi ni mkupuo uliogawanywa kwa mia. Zikikataa kulingana, kuna mahali umekosea, au wao wamekosea.

Sasa mwondolee mwalimu huyo ile miaka sita ya kabla ya Julai 1999 kwa sababu barua ya ajira haikuonekana. Anabaki na miezi 324. Mkupuo unashuka hadi 40,220,690, na pensheni hadi 402,207. Karatasi moja imemla karibu milioni tisa papo hapo na 89,379 kila mwezi hadi anaingia kaburini.

Au mrudishie miaka yake yote, lakini daraja lake lichelewe, aufikie mshahara wa 1,200,000 mwaka wa mwisho tu, mingine miwili awe kwenye 1,000,000. Mkupuo ni 43,696,552 na kila mwezi 436,966. Ndiyo maana nasema 57.

Kuhusu kikokotoo chenyewe, najua mnachotaka kusikia. Ule wa zamani wa PSPF na LAPF uligawa kwa 540, ukatoa nusu kwa mkupuo na kuzidisha kwa 15.5. Mwalimu wetu huyo, kwa mshahara huo huo, angeondoka na 81,840,000 na kubaki na 440,000 kwa mwezi. Kanuni za 2018 zilitaka kushusha mkupuo hadi asilimia 25, Rais Magufuli akazisimamisha Desemba mwaka huo huo. Julai 2022 ikaja 33. Kelele hazikuisha, na bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa waliokuwa na nusu, na 35 kwa waliokuwa kwenye mifuko iliyotoa robo, kama PPF. Kwa hiyo anayekuambia kwamba "pensheni ya mwezi imeongezeka" hasemi uongo, imeongezeka kwa elfu hamsini na kidogo. Aliyepanga kujenga nyumba kwa milioni 80 naye haoti. Binafsi naona waliobuni hesabu hii walimfikiria mstaafu mwenye nyumba tayari, na mwalimu wa Mvumi aliyeishi miaka 30 kwenye nyumba ya shule hakuwa mbele ya macho yao.

Hatua ya sita: barua ya kustaafu

Kustaafu kwa hiari ni kuanzia 55, kwa lazima ni 60. Kwa vyovyote vile, andika miezi sita kabla. Barua inakwenda kwa mwajiri kupitia kwa mkuu wa shule, nakala TSC wilaya. Iwe fupi: cheki namba, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ajira, tarehe unayostaafu, anuani utakayokuwapo. Usiweke historia ya mateso yako humo, hiyo ina barua yake.

Baada ya hapo utahitajika kuwasilisha kibali cha kustaafu, barua zile za hatua ya kwanza, salari slipu za mwisho, picha, kitambulisho cha Taifa na uthibitisho wa akaunti ya benki iliyo hai na yenye jina lako kamili. Kama akaunti ina mkopo, malizana nao mapema au ujue watakachokata. Sheria inaupa mfuko siku 60 za kulipa baada ya kupokea nyaraka zilizokamilika. Neno "zilizokamilika" ndilo linalowatafuna watu: siku hazianzi kuhesabiwa kama karatasi moja ina kasoro, na anaweza asipatikane wa kukupigia simu kukwambia. Wiki mbili baada ya kuwasilisha, nenda mwenyewe ukaulize kama jalada lako limepokelewa likiwa kamili.

Ukizungushwa

Mkuu wa shule anayekalia barua yako hana haki ya kufanya hivyo. Kazi yake ni kuipitisha, na kama haafiki aandike maoni yake chini. Mpe siku chache, halafu muulize mbele ya mtunza kumbukumbu wa shule. Akiendelea, peleka nakala moja kwa moja kwa afisa elimu, ukieleza kwa mstari mmoja tarehe uliyoiwasilisha shuleni. Hakuna haja ya kununiana naye kwenye kikao cha walimu.

Wilayani, silaha yako ni mhuri wa kupokelewa na tarehe. Kila barua toa mbili, moja ibaki kwao, moja yenye mhuri ibaki kwako. Masijala wakisema hawagongi, saini kwenye kitabu chao cha kusambazia barua na upige picha ukurasa huo. Ukipita mwezi hujajibiwa, andika kumbusho ukitaja barua ya kwanza kwa tarehe yake. Kumbusho la pili liende na nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Hapo sasa Mtumba panakuwa na maana, kwa sababu una mnyororo wa karatasi. Malalamiko yanaweza pia kupelekwa kwenye mfumo wa e-Mrejesho, au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora kama ni uonevu wa wazi. Ukiombwa "chai" ili faili lionekane, TAKUKURU wanapatikana kwa 113.

Kukimbilia CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, au mahakamani moja kwa moja kunawaponza wengi. Sheria ya Utumishi wa Umma, tangu marekebisho ya 2016, inamtaka mtumishi amalize kwanza ngazi za ndani. Wakili asiyelijua hilo atakula fedha yako na shauri litatupwa.

Na chama je?

CWT, Chama cha Walimu Tanzania, inakata asilimia 2 ya mshahara. Kwa mshahara wa 1,200,000 ni 24,000 kila mwezi, na manung'uniko ya walimu juu ya fedha hizo yanajulikana kila Mei Mosi tisheti zinapogawiwa. Hata asiye mwanachama hukatwa ada ya uwakala pale chama chenye wanachama wengi kinapokuwa na makubaliano hayo na mwajiri. Sheria inataka ada hiyo iwekwe kwenye akaunti yake na itumike kwa maslahi ya kijamii na kiuchumi ya wafanyakazi tu. Kuna pia chama kingine, CHAKUHAWATA, kilichoanzishwa na walimu waliochoka. Ukitaka kutoka chama kimoja, toa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa mwajiri. Kulalamika stafu hakusimamishi makato.

Ushauri wangu: usikihesabu chama kwenye kufuatilia faili, fanya mwenyewe. Kihesabu kwenye mashtaka ya nidhamu. Mwalimu anayeitwa kujieleza akiwa na miaka 57, kwa kosa linaloweza kumfukuzisha, asiende peke yake. Hapo ndipo ile 24,000 irudi kufanya kazi, na una haki ya kuidai kwa sauti kubwa kwa katibu wa wilaya.

Nauli, mizigo na bima

Mwajiri anapaswa kukusafirisha wewe, familia yako na mizigo hadi makwenu. Deni hili ndilo linalocheleweshwa kuliko yote, kwa sababu hutoka kwenye bajeti ya halmashauri na hakuna mfuko unaolisukuma. Wasilisha madai kabla ya siku ya mwisho kazini, yakiwa na mahali halisi ulipotaja kama makazi yako kwenye kumbukumbu za ajira. Mwalimu wa Rombo aliyeoa Kondoa na kujenga Kondoa asisahau kwamba faili bado linasema Rombo.

Kadi ya bima ya afya, yako na ya mwenza, ibadilishwe kuwa ya mstaafu kabla ya ile ya kazini kuzimwa.

Fedha ikiingia

Utapigiwa simu. Mtu atajitambulisha kuwa ni wa Hazina au wa mfuko, atataja cheki namba yako bila kukosea, na atasema kuna malimbikizo yako ila yanahitaji tozo kidogo. Kata simu. Hakuna malipo ya serikali yanayoanza kwa wewe kutuma fedha. Wale wa mikopo ya kausha damu wanaoshika kadi za benki nao watakufuata, wengine wakiwa ni walimu wenzako wa zamani.

Mfuko utakutaka ujihakiki mara kwa mara, siku hizi hata kwa simu janja kwa kupiga picha uso wako. Ukiruka uhakiki, pensheni inasimama mpaka utakapojitokeza. Kama simu yako ni ya tochi, mjukuu asikufanyie kwa kubahatisha, nenda ofisi ya mfuko. Namba yako ya pensheni, cheki namba na nakala za barua zote ziweke kwenye bahasha moja, na mwenza wako ajue ilipo, maana siku usipokuwapo yeye ndiye atakayesimama kwenye dirisha lile lile.